Dada Nyuma ya Mkokoteni

Jumapili hiyo Nuala Crowley alipiga pasi kitambaa cha meza, akakitandika, akakitazama kwa jicho la mtu mgeni, kisha akakiondoa akakipiga pasi upya. Mkate wa soda ulikuwa umepoa dirishani. Siagi ilikuwa ndani ya kile kibakuli cha buluu kilichokuwa kikitolewa kwa ajili ya padri tu. Mikono yake ilikuwa na kazi, lakini moyo wake ulikuwa umeshatoka nje, uko njiani, unamsubiri mtu.

Tangu Malachy Tuohy aanze kumsindikiza kutoka kanisani, baba yake hakuwahi kumkaribisha ndani. Malachy aliishia getini, kofia mkononi, mvua ikimwagika juu ya mabega yake membamba. Kijiji kizima cha Drumkeel kilishazoea kumwona pale, na Bi Hanora wa posta alikuwa akisema kwamba geti la Mwalimu Crowley limeota mshairi. Leo asubuhi baba amesema mwenyewe, bila kuinua macho kutoka kwenye yai lake:

"Mwambie yule mtu wako aje anywe chai. Apite mlango wa mbele."

Mlango wa mbele! Mlango ule ulifunguliwa kwa padri, kwa daktari na kwa jeneza. Na kwa mchumba, ikiwa amekubaliwa.

Nuala alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Wasichana aliosoma nao walikuwa wakifunga vifungo vya makoti ya watoto wao baada ya misa, naye akiwasaidia. Malachy alikuwa amemzidi miaka michache. Aliishi Paris kwa muda, akarudi na kikohozi na sanduku la vitabu, akapewa nyumba ya marehemu shangazi yake kule ufukweni. Alikuwa akiandika mashairi ambayo watu wa jijini Dublin waliyagombania na watu wa Drumkeel hawakuyasoma. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alipomtazama Nuala, Nuala alihisi kama mtu aliyekaa gizani muda mrefu akaletewa taa.

Saa kumi kamili, mlango wa mbele ukagongwa.

"Karibu, bwana Tuohy," alisema Mwalimu Jerome Crowley. Alikuwa mzee mrefu, mgongo umenyooka, ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri. Aliwafundisha watu wote wa parokia ile kusoma, na hapakuwa na wimbo wa kale ambao hakuujua. Mmoja aliutunga yeye mwenyewe. Ulikuwa wimbo wa Colm, mwanawe wa pekee wa kiume, aliyeuawa darajani mwaka ule wa vita vya ndugu kwa ndugu. Wimbo huo uliimbwa harusini, matangani na siku za gulio, na kila aliyeuimba alivua kofia.

"Asante, Mwalimu."

"Keti. Si hicho, kina mguu mbovu. Hicho hapo."

Nuala akaenda jikoni kuleta birika. Aliporudi, alikuta uso wa Malachy umebadilika. Juu ya kitambaa alichokipiga pasi, kati ya siagi na mkate, palikuwa na jarida kutoka Dublin, limefunguliwa.

"Bi Hanora ameniletea," baba yake alikuwa akisema. "Aliona haya hata kunipa mkononi. Nimelisoma. Nikalirudia. Nikasema labda miwani yangu imeharibika. Hebu nieleze, kijana, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa kijijini tu. Hiki ni nini?"

"Ni shairi, Mwalimu."

"Shairi! Mistari yenyewe haifiki mwisho, inayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake. Lakini tuyaache hayo, kila zama na ulevi wake. Ninachouliza ni hiki: umeanza kwa wimbo wa ndoto. Nimeutambua, hata kama umeuvika matambara. Mshairi anatoka asubuhi, umande bado uko majanini, anakutana na mwanamke. Je, si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi sheria unaijua. Nilikufundisha mimi mwenyewe, ukiwa umekaa dirishani unapiga miayo. Anamwuliza, wewe ni nani? Naye anajibu, mimi ndimi nchi hii, nimefiwa, nimenyang'anywa, lakini siku yangu yaja. Miaka mia mbili na zaidi, bwana! Watu waliokuwa hawana shamba, hawana shule, lugha yao inachekwa sokoni, walikuwa na huyo mwanamke. Walilala na njaa, wakaamka naye. Sasa wewe mwanamke wako anasema nini?" Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani:

*Hakuja na taji.
Alikuja na viatu vya kaka yake,
vikubwa, vikilia maji kila hatua,
na nilipomwuliza jina la nchi yake
akasema: Namfuata kaka yangu. Nipisheni.*

Birika likagonga ukingo wa meza. Chai ikamwagika juu ya kitambaa. Hakuna aliyeiangalia.

"Viatu vya kaka yake," Mwalimu Crowley alirudia polepole. "Nani aliyemwambia mtu habari ya viatu?"

"Mimi, baba," alisema Nuala. Sauti ilimtoka nyembamba. Alimtazama Malachy. "Nilimwambia yeye."

Malachy alikuwa amesimama. "Nuala, nilitaka kukueleza kabla halijatoka. Wahariri waliniambia litatoka kiangazi..."

"Keti," alisema mzee. "Hatujamalizana. Nimekuuliza, umemvua taji ukampaka matope, kwa nini?"

"Matope aliyapata njiani, Mwalimu. Mvua ilinyesha." Malachy alikaa, akaweka mikono yake juu ya magoti kama mwanafunzi. "Mimi nilianza na taji. Niliandika kwa vina na mizani, kama ulivyotufundisha. Kila nilipomaliza ubeti, wimbo ulikuwa mtamu, na mtu hayumo. Nilimtafuta Nuala ndani yake nisimwone. Nikaona mwanamke wa kwenye bango. Historia yetu kila ikiingia kwenye wimbo inatoka imeoga, imechana nywele. Nikasema niifungulie mlango kama ilivyo."

"Kwa hiyo ukauvunja wimbo."

"Sikuuvunja. Ulinivunjikia mikononi."

"Na baba yuko wapi?"

Malachy alilitazama jarida.

"Katika wimbo wangu," mzee alisema, na sauti yake ikaanza kupanda, "baba yupo. Anatembea mbele ya mkokoteni, kichwa wazi, mvua inampiga. Hata watoto wadogo wanaujua ubeti huo. Wewe umemwacha dada peke yake barabarani na punda. Baba umemtupa wapi?"

Malachy alimtazama Nuala kwa nukta moja, kisha akainamisha macho.

"Sikumwona, Mwalimu," alisema taratibu.

Kipande cha mboji kavu, kuni za kule, kikaanguka ndani ya moto. Uso wa mzee ulikuwa umeingia rangi ya jivu, na alipozungumza tena, sauti haikuwa ya darasani.

"Jumapili ya mwisho ya Aprili tunazindua msalaba wa kumbukumbu ya vijana wetu. Kamati inataka wimbo mpya. Utaandika huo wimbo. Beti sita, kwa mizani ya wazee, na kila mtu awe mahali pake: shujaa, msaliti, dada anayelia, baba. Na utawaandikia hao wa Dublin kwamba umelikana shairi hili. Ukifanya hivyo, utapita mlango ule ule ulioingilia leo, na mimi nitakupa mkono wa binti yangu. Usipofanya, geti lenyewe usilisogelee."

"Baba!" Nuala alisema.

"Nimemaliza."

Nuala aliweka birika chini. Hakuchukua koti. Alipita jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Malachy alimkuta kwenye njia ya ufukweni, mahali ambapo vichaka vya miiba vilikuwa vimetoa maua ya manjano kabla ya wakati wake. Upepo ulikuwa ukimvuta nywele. Hakugeuka aliposikia hatua zake.

"Nuala. Utapata baridi. Chukua koti langu."

"Sitaki koti lako."

"Basi nisikilize."

"Nilikuambia wewe, Malachy." Aligeuka sasa. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha Malachy kuliko machozi. "Wewe, tukiwa tumekaa pale penye ukuta, mkono wangu ukiwa mfukoni mwako. Sikuwaambia Dublin. Sikumwambia Bi Hanora anayelamba stempu. Miaka kumi na mitatu sijamwambia mtu habari ya siku ile. Nikakwambia wewe, na wewe ukaenda ukapigisha chapa."

"Nimekosea."

"Unasema haraka mno."

"Nimekosea," alirudia, polepole zaidi. "Nilipaswa kukuuliza. Niliogopa utakataa."

"Ungejuaje kama ningekataa?"

"Ningekataa mimi, kama ningekuwa wewe."

Nuala nusura acheke. "Unajua mimi ni nani hapa? Ni dada wa wimbo. Nikienda dukani, wanaume wanavua kofia. Si kwangu, kwa ule ubeti. Nilipokuwa na miaka ishirini, kijana wa kwa akina Lucey aliniogopa. Aliniambia ni kama kuomba kucheza na sanamu ya kanisani. Nikakupata wewe, nikasema, huyu ananiona mimi. Huyu anajua nina kucha mbaya na nakasirika asubuhi. Kumbe! Wao walinifanya nchi, wewe umenifanya shairi. Nieleze, Malachy, mimi mwenyewe nikakae wapi?"

Mawimbi yalikuwa yakivunjika mbali, mchangani. Mtu huyu aliyeishi kwa maneno alitafuta moja asilipate, na Nuala akaona kwamba anateseka, na bado alimpenda, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Lisome," alisema.

"Nini?"

"Lote. Wewe unalijua kwa moyo. Nimesikia mistari mitano tu, tena kwa sauti ya baba yangu. Kama ni mimi, nataka nijue nimevaa nini."

Malachy akavua kofia, bila kujua kwa nini. Akaanza. Hakusoma kama wasomavyo watu jukwaani. Alisema tu, kama mtu anayekumbuka njia. Alisema juu ya asubuhi isiyo na ndege. Juu ya punda aliyesimama njiani akakataa kwenda. Juu ya msichana aliyemsukuma punda kwa bega lake. Juu ya kamba iliyofunga jeneza, kwamba ilikuwa kamba ya kuanikia nguo. Watu wa shairi hawakuwa wazuri wala wabaya. Walikuwa wamelowa. Nuala alisikiliza, na kitu ndani yake kilichokuwa kimekunjamana miaka yote kikaanza kulegea, maana ilikuwa kweli. Njia ilikuwa ile ile. Mvua ilikuwa ile ile. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisikia siku ile ikisemwa bila ngoma.

Kisha Malachy akafika mwisho. Msichana anafika kwenye geti la makaburi, anaweka paji la uso juu ya mbao zilizolowa, analia.

Nuala akavuta nywele zake nyuma.

"Sikulia," alisema Nuala.

"Samahani?"

"Getini. Sikulia. Wala njiani sikulia. Hilo sikukwambia, umeliweka wewe."

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Kwamba dada lazima alie?" Aliketi juu ya jiwe. "Nitakwambia nilichofanya. Pale njia panda palikuwa na askari wa upande wa pili. Wale wale. Mmoja alikuwa mdogo, ana chunusi. Alinitazama, akatazama jeneza, akaona aibu. Akatoa mkate kwenye mfuko wake, nusu ya mkate, umepakwa mafuta ya nguruwe na chumvi. Akanipa. Nikapokea, Malachy. Kutoka kwa hao. Nikaula nikitembea nyuma ya kaka yangu." Akavitazama vidole vyake. "Na ulikuwa mtamu. Hicho ndicho kisichonitoka. Colm amelala hapo mbele yangu, na mimi nalamba chumvi vidoleni."

Malachy alipiga goti mchangani mbele yake. Hakumgusa.

"Nilidhani nimeutoka wimbo wa zamani," alisema. "Nilivunja mizani, nikavunja vina, nikajisifu. Kumbe mwisho nilimrudisha yule yule dada anayelia. Nilimbadilisha nguo tu."

"Ndiyo."

"Uliubeba huu peke yako."

"Ningembebesha nani? Baba anaimba machozi yangu kila siku ya gulio." Alimtazama. "Mkate huo ni wangu. Usiuandike."

"Sitauandika."

"Hata nikifa kabla yako."

"Hata ukifa kabla yangu." Naye alishika ahadi hiyo mpaka mwisho wa maisha yake.

Upepo ulikuwa umetulia. Malachy alichukua mkono wake mwekundu kwa baridi, akauweka kati ya viganja vyake, naye Nuala akauacha hapo.

"Na wimbo wa baba yako?" aliuliza Malachy. "Beti sita. Naweza kuziandika kwa usiku mmoja, Nuala. Ni kazi rahisi, na hilo ndilo baya lake. Nikiandika, tutaoana baada ya Pasaka. Sema neno, nitaandika. Nitalikana hili jingine pia. Sijali."

"Unajali."

"Nakujali wewe zaidi."

Nuala alifumba macho. Alikuwa amesubiri maneno hayo muda mrefu, na sasa yamekuja yakiwa na bei ambayo si yeye aliyeipanga.

"Ukiuandika ili unioe," alisema, "nitakuwa nimeolewa na wimbo. Nimeshaishi na mmoja, unanitosha. Nenda nyumbani, Malachy. Usije getini mpaka nikuite."

"Na usiponiita?"

Nuala alisimama, akakung'uta sketi, akaenda zake. Malachy alibaki amepiga goti kama mtu aliyesahauliwa kanisani.

Baba yake alikuwa bado sebuleni. Hakuwa amewasha taa, ingawa jua lilikuwa linaingia baharini. Chai ilikuwa imeacha ramani ya kahawia kwenye kitambaa.

"Ameondoka?" aliuliza mzee.

"Ameondoka."

"Ataandika?"

"Alitaka kuandika. Nimemkataza."

Mzee alimgeukia kwa ukali, lakini Nuala alikuwa ameshavuta kiti, kile chenye mguu mbovu, akakaa karibu naye, magoti kwa magoti, kama alivyokaa utotoni akifundishwa alfabeti.

"Baba, nataka nikwambie jambo, na usinikatize. Siku niliyomleta Colm, sikulia." Akamwambia. Njia panda, askari mwenye chunusi, mkate, chumvi. Hakupunguza wala hakupamba. Alipomaliza, alisubiri ngurumo.

Mzee Jerome aliinama akausogeza moto kwa koleo.

"Ulikuwa mkate wa ngano?" aliuliza mwishowe.

"Wa ngano, baba. Mweupe."

"Ulikuwa na njaa?"

"Tangu jana yake. Hapakuwa na kitu ndani, na wewe hukuwa... wewe ulikuwa mgonjwa."

"Sikuwa mgonjwa." Mzee alisema hivyo kwa sauti kavu kabisa. "Nilikuwa kitandani, nimeelekea ukutani. Nilisikia ukimfunga punda. Ulikuwa na miaka kumi na sita, na nilisikia ukihangaika na ile kamba. Nikajiambia, Jerome, inuka. Sikuinuka. Nilisikia magurudumu yakiondoka, nikavuta blanketi." Aliikalia mikono yake kama mtoto. "Kabla mwezi haujaisha nikautunga ule wimbo. Nilipofika kwenye ubeti wa tatu, baba akatoka mwenyewe mbele ya mkokoteni. Wimbo ulimtaka. Katika nyimbo za aina ile baba huwa mbele. Nikamwacha atembee. Na watu wakaanza kunivulia kofia, nami nikawaacha wavue."

"Baba..."

"Nilijua ulijua. Kila nilipouimba, ulikuwa ukitoka kwenda kuangalia kuku."

Hapo ndipo Nuala Crowley alipolia. Alilaza kichwa juu ya magoti ya baba yake akalia kwa kwikwi, kilio kibaya kisicho na ubeti, na mzee akamwekea mkono juu ya nywele, mzito na usiojua la kufanya.

Malachy hakuitwa wiki ile, wala iliyofuata. Kwaresima ikapita, Pasaka ikapita. Nuala alipomwona kanisani aliinamisha kichwa tu, naye Malachy aliinamisha chake, na Bi Hanora akatangaza posta nzima kwamba geti limeng'olewa mshairi wake.

Jumapili ya mwisho ya Aprili, Drumkeel yote ilikusanyika darajani. Msalaba wa jiwe ulikuwa umefunikwa bendera. Malachy alisimama mbali, karibu na ukuta, kama mtu ambaye hakualikwa lakini hakuweza kukaa nyumbani. Hapakuwa na wimbo mpya. Padri alipomaliza kubariki, bendera ikaondolewa, na watu wakaanza kuita kama ilivyo desturi: "Mwalimu! Mwalimu, tuimbie Colm!"

Mzee Jerome alipanda kwenye ngazi ya msalaba. Akavua kofia. Sauti yake ilikuwa imezeeka lakini bado ilikuwa na ile njia ya kupanda taratibu iliyowafanya wanaume wakubwa wameze mate. Aliimba ubeti wa kwanza, daraja na alfajiri. Aliimba wa pili, risasi. Watu walikuwa wameshaanza kusogeza midomo kwa ajili ya wa tatu, baba na mvua.

Akanyamaza.

Walidhani amesahau. Mtu mmoja nyuma akamtupia neno la kwanza, kwa upole. Mzee akatikisa kichwa.

"Neno nalijua," alisema. "Nililiweka mimi. Si kweli. Baba hakuwa mbele ya mkokoteni. Baba alikuwa kitandani. Aliyemleta mwanangu nyumbani ni binti yangu, peke yake, na hakuna aliyemwimba jinsi alivyokuwa." Akapepesa macho. "Basi. Endeleeni nyie, kama mnaweza."

Hawakuweza. Upepo ulivuma juu ya mto, na watu mia kadhaa walisimama na mdomo wazi juu ya wimbo uliokatika katikati. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Kisha Bi Hanora, ambaye ulimi wake haukuwahi kumsaidia mtu, alipiga goti kwenye matope akiwa na nguo zake za Jumapili, akaanza "Salamu Maria", na wote wakamfuata, kwa sababu hiyo waliijua mpaka mwisho.

Nuala alikuwa amemshika baba yake mkono mpaka akashuka. Sala ilipoisha, alimwachia. Alipita katikati ya umati, mbele ya padri, mbele ya kamati, mbele ya akina Lucey wote, akaenda mpaka ukutani. Akaupitisha mkono wake kwenye mkono wa Malachy Tuohy.

"Nuala. Wanatutazama."

"Basi simama wima."

"Hii ina maana gani?"

"Unajua maana yake. Umekulia hapa." Mashavu yake yalikuwa yamewiva, lakini kidevu kilikuwa juu. "Ila Paris siendi. Baba hataweza kukaa peke yake sasa. Ukinitaka, utaishi hapa, utanyeshewa hapa, na utakohoa hapa."

"Nitakohoa hapa," alisema Malachy, na sauti ikamkatika.

Mwalimu Crowley alikuwa akija kuelekea kwao. Watu walimpisha. Baadhi waligusa kofia zao, baadhi hawakugusa, naye aliwaona wote. Alisimama mbele ya Malachy akamkagua toka juu hadi chini, kama alivyokuwa akiwakagua wavulana waliochelewa.

"Shairi lako bado silipendi," alisema.

"Najua, Mwalimu."

"Mistari haina mwisho."

"Najua."

Mzee alivaa tena kofia yake.

"Njoo leo baada ya chai, unisomee lote," alisema. "Polepole, masikio yangu si ya zamani. Na ukifika pale ambapo mimi sipo, simama kidogo."